Daftari la Wageni Pale Posta



Jumanne iliyopita nilikuwa na miadi kwenye jengo moja refu pale Posta, Dar es Salaam. Jina la jengo tuliache. Nilipofika mapokezi, mlinzi, mzee wa makamo, akanisukumia daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Jina, utokako, uendako, saa ya kuingia. Nina tabia mbaya ya kusoma majina ya walionitangulia, na siku hiyo usomaji ulikwisha upesi. Ilikuwa saa tano asubuhi na mimi nilikuwa mgeni wa nne. Wa pili alikuwa fundi viyoyozi. Wa tatu aliandika "kuona ofisi", kwa hiyo huyo alikuwa dalali au mteja wake.

Lifti nilipanda peke yangu. Waliofanya kazi Posta miaka 15 iliyopita wanakumbuka zilivyokuwa: unaiacha ya kwanza imejaa, unaiacha ya pili, ya tatu unaingia umebanwa kati ya mafaili ya huyu na manukato ya yule.

Ukiuliza mjini kulikoni, utajibiwa haraka kwamba siku hizi watu wanafanyia kazi nyumbani. Kuna ukweli hapo. Corona ya mwaka 2020 iliwaonyesha wakubwa wa maofisi duniani kwamba kikao kinakwenda vizuri tu huku mtu yuko kwake, juu kavaa shati na tai, chini bukta. Na kijana wa Tabata anayemfanyia kazi mteja wa ng'ambo kwa kompyuta mpakato na bando lake, nani atamwamsha saa 10 alfajiri awahi foleni?

Lakini kwa Dar es Salaam tusiipe Corona sifa zote. Mpangaji wetu mkubwa alikwishaanza kufungasha kabla yake, naye ni Serikali. TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973. Uamuzi ukalala zaidi ya miaka 40, hadi Julai 2016, Rais Magufuli aliposema sasa tunahama. Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Majaliwa akatangulia, wizara zikafuata, na leo zimejipanga kule Mtumba. Wizara nayo haihami peke yake. Inavuta nyuma yake mwanasheria, mshauri, muuza steshenari na mtu wa kutoa fotokopi. Dada mmoja anayepika nyuma ya jengo lile aliniambia sufuria yake kubwa kairudisha nyumbani Mbagala. Siku hizi inapika pilau la shughuli tu.

Wenzetu yamewakuta makubwa zaidi. Huko St. Louis, Marekani, kuna jengo la ghorofa 44 lililokuwa la kampuni ya simu ya AT&T. Mwaka 2006 liliuzwa kwa dola milioni 205. Mwaka 2024, likiwa tupu, likaenda kwa dola milioni 3.6. Na kuna mfuko mkubwa wa pensheni wa Kanada uliokuwa na asilimia 29 ya jengo moja la Manhattan, 360 Park Avenue South. Ulimwachia mbia wake sehemu hiyo kwa dola 1. Dola moja, msikilizaji, ilimradi uutue mzigo wa gharama zilizokuwa zinausubiri.

Kwenye huo mfuko wa pensheni ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Maghorofa mengi makubwa ya Dar es Salaam si ya tajiri fulani aliyejifungia Masaki. Benjamin Mkapa Pension Towers, mtaa wa Azikiwe, ni la NSSF. Golden Jubilee Towers pale Ohio, na yale mapacha ya ghorofa 35 barabara ya Sokoine, yalijengwa na PSPF, mfuko uliounganishwa na wenzake mwaka 2018 kuwa PSSSF. Sisemi lipi limejaa na lipi halijajaa. Ninachosema ni kwamba fedha zake zilitoka kwenye hati za mishahara. Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 5, mwajiri wake anaongeza 15. Kwa hiyo ghorofa likikaa giza, hasara ni ya mwalimu wa Nachingwea ambaye hajawahi hata kupanda hiyo lifti. Hata yule kijana anayekwepa foleni, kama ameajiriwa na anakatwa, anapokaa nyumbani anakimbia jengo lake mwenyewe!

Wapo wanaoshauri yageuzwe makazi. Neno tamu, lakini ingia ndani utazame. Vyoo vyote viko katikati, karibu na lifti. Ukitaka nyumba 8 kwa kila ghorofa, ni mabomba mapya kutoka juu hadi chini. Madirisha ni vioo visivyofunguka, na umeme ukikatika Februari utaiva. Wahindi waliojenga mitaa ya katikati ya mji walikuwa na akili zaidi: duka chini, nyumba juu, baraza la kupungia upepo. Nyumba hizo Serikali ilizitaifisha mwaka 1971, tukaziita za Msajili wa Majumba, na mpaka leo hazikosi mtu.

Mimi ningeanzia Kariakoo. Kule sakafu moja inakatwa vyumba kumi, kila chumba fremu, na mtu anapanga kwa ukubwa wa mfuko wake. Posta bado inamngoja mpangaji wa sakafu nzima, aliyezoea kutajiwa kodi kwa dola kwa kila mita ya mraba, mpaka kanuni za mwaka 2025 zilipokataza bei za fedha za kigeni. Mpangaji huyo yuko Dodoma au yuko sebuleni kwake. Wanaotafuta chumba cha meza mbili wapo, ila wakisikia bei wanarudi Sinza. Wakatieni vyumba, shusheni kodi. Na sisi tunaokatwa tuambiwe kila mwaka, jengo kwa jengo, ghorofa ngapi zimepangishwa na ngapi ni popo tu.

Nilipokuwa natoka, nikiandika saa ya kuondoka, nilimuuliza yule mlinzi kama naye anakatwa makato ya mfuko. Akasema anakatwa, tangu aajiriwe.

"Basi mzee wangu, jengo kama hili na wewe umo."

Akatazama juu, kule lifti inakoelekea, kisha akalivuta daftari lake.

"Mwanangu, ya kwangu ni ghorofa ya ngapi? Maana huku chini wamenipa kiti cha plastiki."