Chombo cha Jamaa na Majira ya Pepo

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za ngalawa ya jamaa, yaani chombo kimoja ambacho baba, wana na ndugu hukitegemea kwa riziki yao. Nanyi mlioko Maramba, chini ya milima ya Usambara, msiseme kuwa habari hii ni ya watu wa Moa na Kwale tu. Ngalawa huchongwa kwa gogo la mwembe, na mwembe huota shambani. Tena samaki wakaushwao pwani huliwa bara.

Sisi watu wa mwambao hatuhesabu mwaka kwa miezi peke yake, bali kwa pepo pia. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, nayo ndiyo iliyokuwa ikivileta kwetu vyombo vya Arabuni na Bara Hindi. Alfajiri wavuvi hutoka kwa umande, upepo wa nchi kavu, na alasiri hurudi kwa upepo wa bahari. Kisha huja masika, pepo hugeuka, na kusi hushika nguvu tangu Juni hata Agosti. Hapo ngalawa yafaa ikae ndani ya miamba, kwa maana matengo yake mawili, ijapokuwa ni imara, hayashindani na wimbi kuu la nje.

Mwezi wa mageuzi si wa kuchezea. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja merikebu za Seyyid Barghash, ikang'oa minazi na mikarafuu mingi. Ikiwa merikebu zilivunjika, gogo la mwembe litasimamaje?

Basi wakati huo ndio wa kutengeneza. Kwa maji makuu ya bamvua chombo hupandishwa pwani. Ubavu wake huchomwa kwa makuti makavu, ili afe mdudu atobaye mti. Nyufa huzibwa, kamba na tanga hukaguliwa. Kazi hizi zina gharama, na gharama huja wakati samaki ni haba.

Ndiyo sababu wazee waliweka kanuni ya mafungu: la watu, la nyavu, na la chombo. Lakini wakati wa neema kuna arusi, watoto wataka nguo, na fungu la chombo li karibu. Huyu huchukua kidogo, na yule kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Masika yakifika, chombo kina ufa na mkoba ni mtupu. Jamaa huenda kukopa kwa tajiri, na tangu siku hiyo samaki wao huuzwa kwa bei aitakayo yeye. Chombo kimebaki chao kwa jina tu.

Shauri letu ni hili: fungu la chombo lishikwe na mmoja aaminiwaye na wote, lihesabiwe mbele ya jamaa kila bamvua, wala lisiguswe hata siku ya kupandisha chombo. Hivyo ndivyo ngalawa ya baba itakavyowafikia wajukuu.