Daftari la Mzee Wetu wa Dukani
Maneno ya kamati katika harambee ya mwaka



Kabla hatujaanza kuchangishana, kamati imeomba dakika chache tumtaje mzee wetu wa dukani, aliyetutoka mwaka huu. Tunasema tumtaje, ila jina lake halitachapishwa katika kijitabu hiki. Watoto wake wameomba hivyo, na yeye mwenyewe kila alipokichangia chama alitaka aandikwe "mwanachama", basi. Mtu wa Pongwe hahitaji kuambiwa ni nani.

Lilikuwa duka dogo la vyakula kama mengine. Unga, mchele, maharage, chumvi, sukari ya kupima, mafuta ya taa, na makopa kwa wale ambao hawajala mpaka wale bada. Ukutani palikuwa na kibao: Kukopa harusi, kulipa matanga. Alikitundika mwenyewe, kisha akakaa chini yake miaka yote hiyo akikopesha.

Hapa petu pesa haijawahi kuja kila siku. Kwenye mashamba ya mkonge, wazee wetu walilipwa mtu akishamaliza kipande chake cha siku 30. Mchoma chokaa hapati kitu mpaka tanuri lipoe na mzigo upate mnunuzi. Kiwanda cha saruji kilipoanzishwa mwaka 1980 kilileta mishahara ya mwisho wa mwezi kwa walioajiriwa, na kibarua akabaki kibarua. Katikati ya malipo na malipo watoto wanataka kula, na hapo katikati ndipo mzee alipofanyia kazi yake.

Wengi wetu tuliomo humu tulitumwa dukani kwake tukiwa wadogo, mikono mitupu. Mtoto anafika, watu wamejaa, anaona haya kusema mama hana pesa. Mzee alikuwa hamuulizi. Anapima unga, anafunga, anamkabidhi, halafu anasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mwambie mama chenji yake iko kwangu, atapita kuichukua." Chenji gani? Hapakuwa na chenji. Ila waliokuwa pale waliondoka wakijua kwamba nyumba ile imenunua kama wao. Deni aliliandika baadaye, watu wakishatawanyika. Hatujui mtu hata mmoja aliyewahi kusomewa daftari mbele ya mwenzake.

Tusimfanye malaika, asingependa. Alikuwa mkali. Mwenye mshahara aliyeupitisha kilabuni kwanza alikuwa akimkuta mzee amekaa njiani siku ya malipo, kimya, kofia magotini, na alilipa. Kuna waliomwita bahili. Wajane hawakumwita hivyo, wala mafundi waliokatika mkono au mguu machimboni.

Mwaka 1976, Operesheni Maduka ilipoamuru maduka ya watu binafsi yafungwe ili vijiji viendeshe maduka yao, naye alifunga, akaenda kulima mihogo. Aliporudi dukani alikuta uhaba, na si kwake tu, ni nchi nzima. Vijana wetu mkisikia habari za foleni ya sabuni mnadhani tunawatania. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, kuna wafanyabiashara nchini waliotupa bidhaa porini usiku kwa hofu. Yeye hakuwa na cha kutupa. Sukari ikifika aliigawa robo robo, kila nyumba robo yake, na mwenye uwezo wa kununua kilo tano alipata robo kama jirani. Wakubwa wawili watatu walimnunia. Biashara ilipolegezwa mwaka uliofuata, wenzake wengine walijenga mjini. Yeye aliongeza mlango mmoja. Ramadhani, sukari inapopanda kila mahali, kwake ilibaki bei ya Shaabani.

Sasa tuseme lililotuleta hapa. Duka limefungwa. Yapo maduka mengine, na wenye nayo ni watu wema, ila mtaji wao ni wa mkopo nao wanafuatwa. Hawawezi kukopesha kama alivyokopesha yeye. Tunawaona mama zetu na dada zetu wakichukua kausha damu kwa ajili ya unga, halafu wakiuza sufuria ili kulipa. Na tunawaona watoto wakikaa darasani mpaka mchana bila kitu tumboni.

Siku ya arubaini, warithi walikaa pamoja, mjane na watoto, wote watu wazima. Deni la marehemu ni mali ya warithi, na hakuna awezaye kusamehe fungu la mwenzake. Kila mmoja alisamehe fungu lake kwa hiari. Daftari limefungwa na halitafunguliwa, wala kamati haijaliona.

Lakini wapo waliokuja kwa kamati wakisema: tumesamehewa, tumeshukuru, ila tunataka kulipa. Tuliirudisha habari hiyo kwa familia. Jibu la mjane lilikuwa fupi, kwamba anayetaka kulipa alipe uji wa shule.

Kwa hiyo leo kuna masanduku mawili. Lile la meza ya mbele ni la harambee, litahesabiwa hadharani na majina yatasomwa kama kawaida. La pili liko mlangoni, limefunikwa kitambaa. Hilo ni la mahindi, sukari na kuni za uji katika shule yetu ya msingi. Halina karatasi ya majina, na fedha zake zitatangazwa kwa jumla tu. Walio mbali wanaweza kumtumia mweka hazina na kuandika neno moja: chenji.