ALALAYE NG'AMBO YA MPAKA

Haki na Wajibu wa Mkazi wa Kudumu

Katika miji ya mpakani kama Busia na Namanga si ajabu kumwona mtu aliyelala upande mmoja akivuka asubuhi kwenda kutafuta riziki upande wa pili, na jioni akarudi kwake. Jambo hilo lipo pia mbali sana na Afrika ya Mashariki, katika mpaka wa Marekani na Mexico, na huko limewekewa sheria ambayo yafaa ifahamiwe na kila mwenye ndugu ng'ambo. Wako watu wa Kenya, Uganda na Tanzania ambao Serikali ya Marekani imewapa ruhusa ya kukaa huko daima. Baadhi yao hudhani ya kuwa mtu akisha kupewa ruhusa hiyo, hawezi kuipoteza ila kwa kutenda kosa. Sivyo ilivyo. Mtu asiye na kosa lolote aweza kuipoteza kwa kukaa kwao tu.

Kwanza yapasa kueleza mkazi wa kudumu ni mtu gani. Si mgeni wa kupita, wala si raia. Paspoti yake ni ya nchi aliyozaliwa, na Bunge la Marekani hachagui. Lakini anayo haki ya kukaa, kufanya kazi, na kutoka na kurudi. Alama ya haki hiyo ni ile iitwayo kadi ya kijani. Kwa kawaida kadi hudumu miaka 10, kisha hubadilishwa kwa mpya. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Kadi ni ushahidi wa haki, siyo haki yenyewe. Tarehe iliyoandikwa juu ya kadi yaweza kuwa bado haijafika, na huku haki imekwisha kupotea kwa sababu mwenyewe ameyahama makao yake.

Basi, ikiwa ni hivyo, imekuwaje sheria ikawaruhusu watu wa mpakani kulala Mexico kila siku na bado wakahesabiwa kuwa wakazi wa kudumu wa Marekani?

Jibu laonekana katika mji wa Calexico, jimbo la California, ambao ukuta umeutenga na mji mkubwa wa Mexicali. Wakati wa baridi, mashamba ya bonde la Imperial hutoa mboga nyingi sana, hasa saladi, na mboga hizo huvunwa kwa mikono ya watu. Kazi huanza mapema. Kwa hiyo saa tisa za usiku, wakati wengine wamelala, watu huwa wamekwisha kupanga mstari upande wa Mexico, kofia kichwani na chakula mkononi, wakingoja kuonyesha vyeti vyao. Baadhi yao ni raia wa Marekani, baadhi wana ruhusa ya kazi ya msimu, na wengine ni wakazi wa kudumu. Wakisha kuvuka hupanda mabasi ya matajiri wa mashamba. Jioni hurudi kwa jamaa zao, mahali ambapo kodi ya nyumba ni nafuu na mshahara wa shamba watosha kulisha watoto.

Desturi hiyo ni ya zamani. Mnamo mwaka 1924 Marekani ilitunga sheria kali ya kupunguza wageni. Sheria haikueleza wazi habari za mtu akaaye Canada au Mexico na kufanya kazi Marekani. Mwaka 1927 wakubwa wa uhamiaji walitoa amri: mtu wa namna hiyo ahesabiwe kuwa mhamiaji, apate kibali mara moja kama wahamiaji wengine, na baada ya hapo avuke kwenda na kurudi. Watu wawili waliokaa upande wa Canada, karibu na maporomoko ya Niagara, walizuiwa, na shauri lao likafika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1929 mahakama iliamua kwamba ajaye kufanya kazi ya mshahara hawezi kusema amekuja kwa shughuli za kupita tu. Lazima awe na kibali cha mhamiaji.

Hivyo ndivyo alivyopatikana mkazi wa kudumu ambaye maskani yake hayamo katika nchi inayomhesabu kuwa mkazi. Kwa maneno, jambo hili lafanana na kitendawili. Kwa matendo, maana yake ni nyepesi. Kazi yake imeshika mahali pa nyumba. Kila asubuhi anapovuka huonyesha tena kwamba kamba inayomfunga na nchi ile haijakatika.

Lakini kamba hiyo ina kipimo. Kanuni za uhamiaji zasema kwamba mkazi wa namna hii akikosa kazi ya kawaida Marekani kwa muda wa miezi 6 mfululizo, huhesabiwa kuwa ameiacha haki yake, isipokuwa kama sababu ilikuwa nje ya uwezo wake. Tena miaka anayolala ng'ambo haimsaidii kupata uraia, maana kwa uraia hutakiwa ukazi wa kweli ndani ya nchi. Mtu aweza kuvuka kwa miaka 20, akachuma mazao ya mashamba yote ya bondeni, na siku anapotaka uraia akaambiwa ahamie kwanza, ndipo hesabu ianze. Na mfanyakazi aliyeumia mgongo hana budi kuuhesabu kila mwezi unaopita, na kuzitunza barua za daktari.

Si watu wote walioipenda desturi hiyo. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kililalamika kwamba watu walalao Mexico, ambako gharama ya maisha ni ndogo, hukubali mshahara ambao aliyepanga nyumba California hawezi kuumudu, na kwamba tajiri huwatumia kuvunja mgomo. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito, nayo yalipelekwa mahakamani. Tarehe 25 Novemba, 1974, Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba wavukao kila siku na wajao kwa msimu wote wahesabiwe kuwa wakazi wanaorudi. Desturi ya nusu karne, ambayo Bunge lilikuwa likiijua bila kuifuta, haikuweza kutupwa kando kwa urahisi.

Nguvu ya haki hiyo ilionekana wazi wakati wa maradhi ya korona. Tangu tarehe 21 Machi, 2020, mpaka tarehe 8 Novemba, 2021, Marekani iliwazuia wageni kuvuka mipaka yake ya nchi kavu kwa mambo yasiyo ya lazima. Wenye viza za kununua bidhaa na kusalimia jamaa walibaki Mexico. Raia na wakazi wa kudumu waliendelea kuvuka.

Sasa yafaa kurudi kwa mtu wa Afrika ya Mashariki. Ruhusa ya kulala ng'ambo na kufanya kazi Marekani ni ya nchi mbili tu zinazopakana nayo, yaani Canada na Mexico. Mtu wa Kisii au wa Moshi hawezi kuitumia. Yeye hupimwa kwa kipimo kingine, ambacho ni muda na nia.

Tuseme mtu alipata kadi yake kwa ile bahati nasibu ya viza iliyowekwa na sheria ya mwaka 1990. Amefanya kazi miaka 4 huko Minnesota. Ndipo inapokuja habari kwamba mama yake ameanguka na hawezi kutembea. Hukata tikiti siku ile ile. Alikusudia kukaa wiki 6, lakini mama hapati nafuu, wala hakuna mwingine wa kumwuguza. Mwezi wazaa mwezi. Hakuna atakayemlaumu mtoto amwuguzaye mama yake. Hata hivyo, kule ng'ambo siku zinahesabiwa.

Akirudi kabla ya miezi 6 kupita, kwa kawaida shida si kubwa. Zikipita siku 180, sheria yamruhusu ofisa kumchungua kama mtu anayeomba kuingia upya, na hesabu ya miaka yake ya uraia yaweza kukatika. Ukipita mwaka mzima, kadi peke yake haitoshi tena kuwa cheti cha kurudia. Kwa ajili hiyo iko hati ya kuingia tena, ambayo hudumu mpaka miaka 2. Lakini hati hiyo huombwa wakati mwombaji yungali ndani ya Marekani. Akisha kuondoka bila kuiomba, amechelewa. Hapo hubaki mlango mmoja mwembamba: kwenda kwa ubalozi wa Marekani na kuomba viza ya mkazi anayerudi. Hutakiwa athibitishe kwamba aliondoka akiwa na nia ya kurudi, na kwamba kilichomchelewesha hakikuwa katika uwezo wake. Vyeti vya hospitali husema zaidi kuliko machozi.

Wengine hufanya hila. Hukaa kwao karibu mwaka mzima, kisha huenda Marekani kwa wiki chache ili kuipa kadi pumzi, na kurudi tena. Hila hiyo ilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1975 baraza la rufani za uhamiaji liliamua shauri la mwanamke wa Jamaica, aliyekuwa na nyumba ya kupangisha huko kwao na kukaa huko miezi 11 ya kila mwaka. Baraza lilisema ameiacha haki yake. Ofisa haangalii tarehe peke yake. Huuliza kazi iko wapi, nyumba iko wapi, mke na watoto wako wapi, na kodi ya mapato yalipwa wapi.

Hata hivyo, mkazi wa kudumu si mtu wa kusukumwa tu. Mwaka 1956 mtu mmoja wa Uswisi, mkazi wa kudumu, alikwenda Ensenada, Mexico, kwa saa chache tu. Baadaye Serikali ilitaka kumfukuza, kwa hoja kwamba kule kurudi kwake kulikuwa ni kuingia upya. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ilikataa kwamba matembezi mafupi yasiyo na ubaya yanaweza kumvunjia mtu makao yake. Sheria ya mwaka 1996 iliandika upya jambo hili na kuweka mipaka yake, pamoja na ile ya siku 180. Tena iko fomu, iitwayo I-407, ambayo mtu hutia sahihi kukubali kwamba ameiacha haki yake mwenyewe. Hakuna sheria inayomlazimisha kuitia sahihi. Akiikataa, ana haki ya kusikilizwa na hakimu wa uhamiaji, na huko ni Serikali inayopaswa kuthibitisha kwamba ameyaacha makao yake. Msafiri aliyechoka, akiwa uwanjani baada ya safari ya siku nzima, aweza kutia sahihi karatasi asiyoielewa ili akalale. Heri achelewe usiku mmoja kuliko kutoa kwa wino haki aliyoingoja miaka.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga mizigo, mwenye kadi ajiulize atakaa kwao muda gani, na kama safari yaweza kurefuka, aiombe hati ya kuingia tena kabla ya kuondoka. Aangalie kwamba paspoti yake nayo haijaisha. Aendelee kutoa hesabu ya kodi kama mkazi. Atunze barua za tajiri wake, mkataba wa nyumba na vyeti vya daktari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki ya kukaa katika nchi ya watu ni mali kama nyingine.

Na jamaa walio nyumbani nao wana sehemu yao. Mara nyingi ndio wamwambiao mgeni wao, "Kaa kidogo tu, mwezi mmoja zaidi." Wamwambiapo hivyo, wamwulize pia aliondoka huko tarehe gani. Mvuna saladi wa Mexicali anaijua hesabu yake kila siku apangapo mstari gizani. Aliyevuka bahari naye hana budi kuijua yake.