Njia ya Kushoto Iliyogeuka Maegesho: Sheria ya Kupita Gari la Mbele katika Barabara Kuu ya TANZAM, Mpemba hadi Tunduma

1.0 Utangulizi



Niliombwa na semina hii kuandaa mada kuhusu sheria ya kuendesha kushoto na kupita kulia katika barabara kuu, na namna inavyofuatwa katika mkoa wetu wa Songwe. Humu ukumbini wamo askari wa usalama barabarani, wahandisi wa barabara, watu wa forodha, watendaji wa halmashauri, na wawakilishi wa madereva wa malori na wa abiria. Hakuna kati yenu anayehitaji kufundishwa maana ya kupita gari. Kwa hiyo sehemu ya fasili nitaipita haraka, na muda uliobaki nauomba wote kwa jambo moja ambalo nimelisemea kwa miaka mingi katika kazi yangu ya kufundisha madereva.

Niseme mapema kwamba mada hii haimlengi mtu wala taasisi yoyote. Kila taasisi iliyopo hapa ina wajibu wake kisheria, na nyingi zinautimiza. Ninachokusudia kuonyesha ni kinachotokea pale ambapo kila mmoja ametimiza wajibu wake na barabara bado imeziba.

2.0 Sheria kwa kifupi

Msingi ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973. Gari likae kushoto. Anayetaka kupita apite kulia, akishaona kwamba mbele ni peupe, kisha arudi kushoto bila kumbana aliyempita. Kwenye kona, kileleni mwa mlima, kwenye makutano, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu na palipo na mstari wa katikati usiokatika, haruhusiwi kupita. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Magari ya uzito wa zaidi ya kilo 3,500 hayaruhusiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa hata nje ya makazi.

Penye njia zaidi ya moja kwa kila upande, kanuni ni ileile: njia ya kushoto ni ya kusafiria, ya kulia ni ya kupitia. Nchi zinazoendesha kulia, kama Ujerumani na Marekani, zimegeuza tu upande. Kwao njia ya kushoto ndiyo ya kupitia. Madereva wetu wanaokwenda Lubumbashi wanalijua hili vizuri. Wakishavuka Kasumbalesa kutoka Zambia kuingia Kongo, mwili mzima unabidi ujifunze upya, na wakirudi inawabidi wasahau tena.

Kwenye njia nyingi ugonjwa wetu unafahamika. Aliyepita barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2 za njia nane, ameona lori lenye mzigo likijikongoja njia ya kulia kabisa huku magari madogo yakilipita kwa kushoto. Ugonjwa huo utatufikia na sisi njia nne zitakapopanuliwa kuja huku, kwa hiyo tuanze kufundisha sasa. Lakini Kimara dereva ana njia za kuchagua. Sisi, kutoka Mpemba kuingia Tunduma, tuna njia mbili tu, na moja tumeipoteza.

3.0 Tatizo lenyewe

Barabara hii ya TANZAM ilijengwa ili ibebe mzigo wa Zambia kufika Dar es Salaam wakati njia ya kusini ilipofungwa baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965. Baadaye ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Kwa miaka mingi sasa mzigo mkubwa umerudi juu ya matairi: shaba inashuka, mafuta, salfa na makontena yanapanda, na yote yanapita kwenye mlango mmoja wa mpaka, Tunduma kwa upande wetu na Nakonde kwa upande wa Zambia. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, na hapana shaka kimepunguza usumbufu ndani ya geti. Nje ya geti foleni haijatutoka. Mtandao ukizima kwa saa chache, malori yanalala. Nyaraka zikicheleweshwa Dar es Salaam, malori yanalala. Mei 2020 Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona, wote tuliona mstari ulivyokua.

Mstari huo unakaa wapi? Unakaa juu ya njia ya kushoto. Penye bega zima la barabara, lori linaweka matairi ya upande mmoja kwenye bega na mengine kwenye lami. Palipomomonyoka, lori zima linabaki juu ya lami. Dereva wa Noah anayetoka Mpemba na abiria wa Tunduma anakuta ukuta wa matrela mbele yake. Sheria inamtaka apite kulia, kisha arudi kushoto. Anapita la kwanza, la pili, la kumi. Atarudi wapi? Nafasi kati ya trela na trela imebanwa makusudi, maana kila dereva anaogopa mwenzake asimchomekee. Basi anabaki upande wa kulia kwa mwendo mrefu, akiwasha taa na kupiga honi, na malori yanayotoka Nakonde yanakuja usoni pake.

Kisheria huyu anaendesha upande usio wake. Askari anayemwandikia faini ya shilingi 30,000 anaandika kosa ambalo kweli ni kosa. Na dereva anayelalamika kwamba hakuwa na njia nyingine anasema kweli. Hapo ndipo sheria yetu inapokwama: inadhani kwamba gari linalopitwa linatembea, na kwamba kitendo cha kupita kina mwanzo na mwisho. Kwenye kipande hiki, kwa siku nyingi za mwaka kupita hakuna mwisho.

Hatari inaongezeka pale foleni inapozaa foleni ya pili. Dereva mmoja anatanua, anakwenda mbele akitafuta pa kuchomeka, anakosa. Nyuma yake wamemfuata wanne. Sasa njia zote mbili zimejaa malori yanayotazama Zambia, na yanayotoka Zambia yamesimama uso kwa uso nayo. Hakuna anayeweza kurudi nyuma kwa trela. Gari la wagonjwa likitokea wakati huo, anayelisaidia ni tandiboi wa kujitolea anayeshuka kupanga magari kwa mikono.

Nawaomba wajumbe waliangalie kwa karibu jambo moja ambalo halimo katika kitabu chochote cha mafunzo, nalo ni indiketa. Madereva wetu wa masafa marefu wana lugha yao nzuri sana. Ukiwa nyuma ya lori mlimani, dereva wake akikuwashia ya kushoto, anakwambia mbele ni peupe, pita. Akiwasha ya kulia anakwambia tulia, kuna gari linakuja. Lugha hii imeokoa watu wengi kwenye milima ya Kitonga na Senjele. Lakini kwenye foleni ya Tunduma indiketa ya kulia ina maana nyingine: lori limechoka kusubiri, au limeitwa, na linataka kutoka. Na ya kushoto, kwa lori lililosimama, inaweza kuwa ni hazadi ambayo balbu yake moja imeungua. Dereva wa kostaa aliyetoka Mbeya asubuhi ameusoma mwanga huo kwa maana moja njia nzima. Akifika Mpemba mwanga uleule unamwambia kingine, na ana sekunde mbili za kuamua. Nimekaa na madereva waliogongana kwenye kipande hiki, na kila mmoja wao alikuwa na hakika kwamba mwenzake alimwonyesha ishara mbaya.

Upande wa ndani, kushoto kabisa, zinapita bodaboda, kati ya matairi na mtaro. Mlango wa tandiboi unafunguka upande huohuo. Wanafunzi nao wanatokeza kati ya bampa na bampa. Mtoto wa darasa la pili ni mfupi kuliko bampa la lori, na dereva anayepita kulia hawezi kumwona mpaka awe ameshaingia barabarani. Chini ya matrela yenyewe kuna maisha: jiko la mkaa, sufuria ya ugali, ndoo, mtu amelala kwenye mkeka kivulini. Watu hawa hawakuchagua kuishi hapo. Dereva aliyekaa siku tatu kwenye foleni lazima ale, anawe na ajisaidie, na sehemu ya kufanya hivyo hatujampa.

Usiku ni zaidi. Trela nyingi zimezimwa taa ili betri isife. Viakisi mwanga vimefunikwa na tope. Matawi ya miti ambayo madereva huweka juu ya lami kuonya wenzao yanaachwa palepale lori likishasogea, kwa hiyo mwingine anayeyaona hajui kama mbele kuna lori au hakuna, na mwishowe anazoea kuyapuuza. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, jambo ambalo mimi naliunga mkono. Lakini dereva wa basi aliyetoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, anaufikia mkia wa foleni akiwa amechoka kuliko wakati wowote wa safari, na mara nyingi kwenye ukungu wa Mbozi.

Kuhusu Mlima Senjele nitasema kidogo tu, kwa sababu unastahili mada yake. Pale tatizo ni kupita kabla ya kilele, na breki kwa wanaoshuka. Lakini mengi yanaanzia hukuhuku kwenye foleni: dereva aliyepoteza siku mbili mpakani anakwenda kuzifidia mlimani.

4.0 Kwa nini hatusongi mbele

Pendekezo la maegesho ya malori limo katika maazimio ya vikao ambavyo mimi mwenyewe nimehudhuria. Linaandikwa vizuri na kupigiwa makofi, kisha linakwenda kwenye jalada. Sababu yake naiona hivi. Barabara ina mwenyewe, ambaye ni TANROADS. Usimamizi wa sheria una mwenyewe. Forodha ina mwenyewe, ardhi ya maegesho ina halmashauri, lori lina kampuni, na upande wa pili kuna nchi nyingine. Foleni peke yake haina mwenyewe. Ukimwuliza kila mmoja, atakuonyesha kwa haki kabisa mahali wajibu wake unapoishia, na foleni inaanzia papo hapo.

Tena, maegesho matupu hayatoshi. Nimeona maegesho yenye nafasi huku barabara imejaa, na tukawalaumu madereva kwa ukaidi. Si ukaidi. Kwa sasa zamu ya dereva ni pale lori lake liliposimama. Akiingia uwanjani kupumzika amepoteza zamu, na bosi wake atamuuliza kwa nini mwenzake aliyetoka naye Dar es Salaam ameshafika Ndola. Mpaka zamu itakapoacha kuwa eneo la lami na kuwa namba iliyoandikwa, hakuna dereva mwenye akili atakayetoka kwenye njia ya kushoto kwa hiari yake.

5.0 Mapendekezo

Zamu itolewe kwa namba. Lori likishapimwa kwenye mizani ya Mpemba lipewe namba yenye saa na tarehe, na forodha ipokee malori kwa namba hiyo, si kwa mstari. Hili ndilo pendekezo kuu, yaliyobaki yanalitegemea.

Lori lenye namba lielekezwe uwanjani, na liitwe kwa ujumbe wa simu. Uwanja uwe na choo, maji, taa na pa kupikia. Tozo yake iwe ndogo, au isiwepo kabisa mwaka wa kwanza, kwa sababu dereva anayelipa kwa kupumzika atarudi barabarani.

Lori lisilo na nyaraka kamili lisifike Mpemba. Wasafirishaji na mawakala wa forodha wakamilishe kazi yao mzigo ukiwa bado njiani, na anayeshindwa abaki Mbeya au Mlowo penye nafasi. Nasisitiza wakala, kwa sababu dereva ndiye anayeadhibiwa kwa makosa ya mtu aliyekaa ofisini.

Kuegesha juu ya lami kati ya Mpemba na geti kupigwe marufuku kwa alama zinazoonekana, lakini marufuku hiyo ianze siku namba zitakapoanza, si kabla. Tukianza na faini tutakusanya fedha na njia ya kushoto itabaki imejaa.

Wakati tunasubiri, na tusisubiri sana, kila baada ya malori kumi iachwe nafasi ya gari kurudi kushoto, ichorwe kwa rangi ya njano, na askari walinde nafasi hizo badala ya kuwafukuzia wanaopita. Foleni ya pili isiruhusiwe hata kwa dakika tano. Kwenye vivuko vya shule nafasi iwe pana zaidi, na pawe na mtu mzima asubuhi na mchana.

Vyuo vya udereva vifundishe wazi kwamba indiketa ya lori lililosimama haina ruhusa ndani yake. Mkiniuliza ni jambo gani moja linaweza kufanyika kesho bila bajeti, ni hili. Vyama vya madereva vipo hapa, na vinaweza kulianza kwenye makundi yao ya simu jioni ya leo.

Mabega ya barabara yakarabatiwe, kwa sababu palipo na bega zima lori linaondoka kwenye lami walau nusu. Hili nimeligusa hapo juu na nalirudia kwa wahandisi.

Mazungumzo na wenzetu wa Nakonde yawe ya kila mwezi na yawe na ratiba. Tukipunguza foleni yetu bila wao kujiandaa, tutaihamisha tu upande wa pili wa geti, na madereva ni walewale.

Mwisho, zamu kwa namba, kwa mara nyingine. Haihitaji sheria mpya, wala haisubiri njia nne. Inahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuziita taasisi zote sita na atakayeulizwa na mkoa kila mwezi foleni imefika wapi. Naomba Ndugu Mwenyekiti jina la mtu huyo, na tarehe ya namba ya kwanza, viingie kwenye muhtasari wa leo kabla hatujatoka kwa chakula cha mchana.