Debe Moja la Mahindi na Sado Mbili za Maharage

Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama waishio Dar es Salaam



Nimepewa dakika ishirini nizungumzie chakula cha mchana cha watoto wa darasa la awali kule nyumbani, lile ambalo wengi wetu bado tunaliita chekechea na wazee wanaliita shule ya vidudu. Kamati imenichagua kwa sababu ni mhasibu, si kwa sababu najua kupika. Mtanivumilia basi nikianza na hesabu.

Mtoto wa miaka minne au mitano anashiba kwa gramu 80 za mahindi na gramu 30 za maharage, yakipikwa makande yenye mafuta kidogo na chumvi yenye madini joto. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Ukizidisha unapata kilo 15 na nusu za mahindi na kilo zisizofika 6 za maharage. Kwa vipimo vya gulio letu, hilo ni debe moja la mahindi na sado mbili za maharage, na kinabaki kidogo cha kuonja. Hicho ni chakula cha mchana cha mtoto mmoja kwa mwaka mzima.

Darasa letu lina watoto 62. Kwa hiyo tunazungumzia kilo 962 za mahindi, magunia kumi ya kilo mia kasoro kidogo, na kilo 361 za maharage, ambayo ni magunia manne yasiyojaa. Kuna aliyeshauri wali, maana mpunga wa Ndungu uko chini tu ya mlima. Wali ni mtamu, lakini ni ghali, na bila maharage pembeni hauwafikishi mbali watoto hawa. Makande tunayalima wenyewe. Sharti ni moja tu: mahindi yakobolewe, na maharage yalale kwenye maji usiku kucha. Mtoto wa miaka minne hana meno ya kushindana na mahindi magumu, na mama wa jikoni hana kuni za kuchezea.

Sasa niwaulize. Ni kaya ngapi milimani kwetu zinazoshindwa kupata debe moja la mahindi kwa mwaka? Zipo, na nitazirudia. Lakini ni chache. Mbona basi mwaka jana sufuria liligeuzwa chini kuanzia Aprili mpaka shule ilipofungwa Juni? Mwalimu wa darasa alinionyesha rejista ya mahudhurio ya miezi hiyo. Kuanzia wiki ya pili bila chakula, alama za utoro zinajaa ukurasa. Watoto hawa hutoka darasani mapema kuliko kaka zao. Saa tano na nusu wanakula, saa sita wanaanza kupanda mlima kwenda nyumbani. Mtoto aliyeondoka alfajiri na kikombe cha chai ya rangi, akashinda bila kitu, akapanda ule mlima juani, kesho yake mama yake anamwambia abaki. Mama huyo si mzembe. Amefanya hesabu yake.

Nilipoomba daftari la michango niliona jambo ambalo lingeonwa na mhasibu yeyote. Wazazi walitakiwa kuchanga fedha kila mwisho wa mwezi, kiasi kilekile, kana kwamba wana mishahara. Nani kule nyumbani anapata fedha kila mwisho wa mwezi? Mwalimu, mganga wa zahanati, na labda mwenye duka. Wengine wote wana fedha wanapovuna tangawizi, na bei ikiwa nzuri. Mahindi ya masika yanaingia ndani Julai na Agosti. Ukipitia daftari, Septemba karibu wote wamelipa, Oktoba wengi wamelipa, na kuanzia Machi majina yanakuwa meupe. Aprili ghala za nyumbani zimebaki vumbi, na huo ndio mwezi ambao kamati ya chakula inakwenda sokoni kununua mahindi kwa bei ya juu kuliko zote.

Tuseme gunia ni shilingi 60,000 Agosti na 100,000 Aprili. Shilingi 600,000 zinanunua magunia kumi mwezi mmoja, na magunia sita mwezi mwingine. Fedha ni ileile na wachangaji ni walewale, lakini magunia manne yameyeyuka kwa sababu ya kalenda peke yake. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema wazazi wa kule hawajali, nashindwa kukaa kimya. Wanalipa. Wanalipa wanapokuwa nacho.

Babu zetu walilijua tatizo hili kwa upande wa maji. Mto wenye maji machache haumwagilii shamba ukiuacha utiririke usiku na mchana. Ndiyo maana walichimba ndiva: maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu. Ndiva haiongezi hata tone kwenye mto. Inayaweka maji mpaka saa yanapohitajika. Ombi langu kwenu leo ni ndiva ya nafaka.

Yaani hivi. Fedha ya harambee ya mwaka huu tusiitumie kulipia chakula cha kila siku. Tuitumie Agosti, mara moja, kununua magunia kumi ya mahindi na manne ya maharage kwa wakulima wetu wenyewe, na tuyafungie ghalani shuleni. Watoto wanakula kutoka kwenye akiba hiyo kuanzia muhula huo hadi Juni inayofuata. Wazazi wanarudisha kwa namna wanavyoweza: anayetaka analeta debe lake na sado zake baada ya kuvuna, anayetaka analipa fedha siku anapouza tangawizi. Kinachorudi ndicho kinachonunua akiba ya Agosti ya pili. Sisi wa mjini tunaombwa mtaji mara moja, na baada ya hapo tunaziba pengo tu.

Pengo hilo ni kubwa kiasi gani? Hapa narudi kwa zile kaya nilizosema. Kuna bibi anayelea wajukuu watatu na shamba lake ni la kuazima. Kuna baba aliyeanguka mtini. Serikali imekwisha kusema michango ya shule ni ya hiari na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, lakini tusijidanganye: mtoto anaweza kubaki darasani na bado akakalishwa pembeni wenzake wakila. Mwaka jana palikuwa na pendekezo, na lilitolewa kwa nia njema, kwamba asiyechangiwa asipakuliwe, ili wazazi wajifunze. Mimi nililipigia hesabu. Tuseme watoto kumi kati ya 62 hawachangiwi kabisa mwaka mzima. Wanakula kilo 155 za mahindi na kilo 58 za maharage. Ni gunia moja na nusu, na nusu gunia na ushee kidogo. Hiyo ndiyo bei ya kutomkalisha pembeni mtoto yeyote. Ukumbi huu una watu zaidi ya mia moja. Kama tunashindwa gunia moja na nusu, basi tuache kujiita chama.

Na wale wasio na mahindi wana mikono. Msaragambo haujafa kwetu. Baragumu likilia jioni, kesho yake kila kaya hutoa mtu. Kuni, maji, kukoboa mahindi, kusakafu jiko, yote haya ni mchango na yaandikwe kwenye daftari kama mchango. Bibi akileta mzigo wa kuni jina lake lisibaki jeupe.

Kuna upande wa pili wa hoja, nao umesemwa hapa kwa sauti kubwa: kwa nini tusilipe chakula chote sisi wenyewe, tumalize? Najua moyo unaosema hivyo, na siukubali ushauri wake. Siku tutakapolipa chote, chakula kitakuwa cha watu wa Dar. Mzazi hataingia ghalani kuuliza limebaki gunia gani, kwa sababu si lake. Na mwaka ambao harambee yetu itakwenda vibaya, nayo itakuja kwenda vibaya, hakuna atakayekuwa na mazoea ya kuleta debe.

Ghala ndilo linalonikosesha usingizi. Mahindi ya kuwekwa miezi kumi yana maadui wawili. Wa kwanza ni dumuzi, yule ambaye kwingine wanamwita Scania kwa jinsi anavyobeba. Wa pili haonekani: sumukuvu, inayotokana na ukungu kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Hiyo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na haiondoki kwa kupika. Hatuwezi kuwalisha watoto wadogo mahindi tusiyoyapima. Kipimo cha bure kipo: chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi kiasi cha robo, tia chumvi kavu, tikisa, uache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Ikiteremka chini yote, yafungwe. Yafungwe kwenye mifuko ya PICS yenye tabaka tatu, isiyopitisha hewa, ambayo dumuzi hufia humo bila dawa. Mifuko iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Gharama ya mifuko hii iingie kwenye bajeti yetu tangu mwanzo. Ninawaomba msiiondoe ili tupate fedha ya fulana za mkutano.

Mlango uwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu mkuu, wa pili kwa mama aliyechaguliwa na wazazi. Ndani kuwe na mizani na daftari lenye safu nne tu: tarehe, watoto waliokuja, kilo zilizotoka, kilo zilizobaki. Mtu yeyote anaweza kulikagua. Gawanya kilo kwa watoto, lazima ipatikane karibu na gramu 80. Kama kilo saba zimetoka siku ambayo watoto walikuwa hamsini, kuna mtu mwingine amekula. Na mara nyingi tunamjua. Walimu nao ni binadamu na wanasikia njaa saa tano na nusu. Simlaumu mwalimu anayenusa makande akachukua sahani, ila naye aandikwe na achange debe lake. La mwalimu liwe kubwa kidogo kuliko la mtoto.

Mpishi alipwe. Zamu za kina mama hufa msimu wa kupanda, kwa sababu siku ya mvua kila mtu yuko shambani. Mama mmoja anayelipwa, aliyepimwa afya zahanati, anayejua kwamba asipokuja kuna swali, ni bora kuliko kumi wanaojitolea. Posho yake itoke kwenye michango ya fedha ya wazazi, na kila mwezi isomwe kwenye kikao chao.

Taifa letu bado lina watoto wengi waliodumaa. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano. Sahani moja ya makande haitaondoa jambo lililoanza tumboni mwa mama. Itamfanya mtoto aje shuleni Aprili, na hilo ndilo ninaloweza kulitetea mbele yenu kwa hesabu.

Daftari la ahadi liko kwa mweka hazina, meza ya karibu na mlango. Mwaka huu halina safu ya shilingi. Lina safu ya magunia, na nusu gunia inaruhusiwa, hata debe. Andika jina, andika kipimo, na bei mtatangaziwa baada ya kamati kulitembelea gulio mwishoni mwa Julai. Ununuzi utaanza wiki ya kwanza ya Agosti. Tunahitaji wanachama wawili watakaokuwa nyumbani wiki hiyo, mmoja wa kusoma mizani na mmoja wa kutikisa chupa. Nauli watajilipia. Mimi nimeshajiandikisha kwenye mizani, imebaki nafasi ya chupa.