Sauti ya Mwalimu



Asubuhi ya leo tuwafikirie walimu wetu wa Embu na Meru, hasa wa shule za msingi, ambao ikifika Alhamisi sauti imekwisha kukauka. Tangu Januari 2003, karo ya shule za msingi ilipofutwa, madarasa mengi yalifurika. Mvua ya Aprili ikipiga mabati, mwalimu hana budi kupaza sauti. Kule Mbeere na Tharaka kuna vumbi, tena chaki.

Ndani ya koo mna nyuzi mbili za sauti. Mwanamke asemapo, hugongana mara 200 hivi kwa sekunde moja. Akipiga kelele siku nzima huvimba. Zikizidi kuumizwa huota vijinundu, kama sugu mkononi mwa mwenye jembe.

Watu wetu hukimbilia tangawizi na asali ya Tharaka. Ni vizuri, hutuliza koo. Lakini kimezwacho hupita njia ya chakula, wala hakizigusi nyuzi zile. Wengine hunong'ona wakidhani wanapumzika, kumbe kunong'ona nako huzichosha. Dawa ya kwanza ni kunyamaza kweli, kunywa maji mara kwa mara, na kuacha kukohoa-kohoa ili kusafisha koo. Vijinundu vingi hupungua bila kisu, mtu akifundishwa upya namna ya kuvuta pumzi na kusema. Ila sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 4, mwalimu asikae nyumbani. Amwendee daktari wa masikio, pua na koo, nyuzi zitazamwe, maana mara chache huwa ni kansa, nayo ikionekana mapema hutibika.

Lakini mwalimu huona haya kunyamaza. Anaogopa kuitwa mvivu. Na sisi kanisani, Jumapili, twamwita huyo huyo aongoze kwaya!

Kuhani Zakaria, baba yake Yohana, alipopotewa na sauti hakufukuzwa kazini. Alimaliza siku zake za zamu hekaluni akiwa bubu. Na siku ya kumpa mtoto jina aliomba kibao, jamaa wakangoja aandike. Mwalimu naye ana ubao. Mwalimu mkuu amruhusu aandike, watoto wasome kwa zamu, na kengele ndogo iwanyamazishe badala ya koo lake. Kwaya nayo itaimba Jumapili mbili bila yeye.