Daraja na Motokaa: Mhadhara wa Umma Uliotolewa Mbezi Beach, Dar es Salaam



Aghalabu twalisifu daraja kwa urefu wake na kwa ustadi wa fundi wake. Nami leo naomba idhini yenu tulitazame kwa jicho jingine, kwa kuwa kabla fundi hajaupima mto, mwenye amri huwa amekwisha kata shauri ni nani atakayevushwa, na kwa chombo gani.

Tuanzie mbali, kwenye Mto Nile, huko Jinja, ambako mwaka 1931 lilianza kazi daraja la chuma lililoiwezesha reli itokayo Mombasa kufika Kampala. Nguvu ya kiunzi cha namna ile imo katika pembetatu: fito nne zilizofungwa mraba, zikisukumwa, hulala upande, bali fito tatu hazibadili umbo lake mpaka mojawapo ikatike au ipindike. Basi zikifungamanishwa pembetatu nyingi, fito hizi zikivutwa na zile zikigandamizwa, hupatikana kiunzi chepesi chenye kustahimili uzito wa gari moshi. Ndani ya kiunzi hicho gari moshi lilipewa njia ya juu, na motokaa ikapitishwa chini yake. Na mpangilio huo wadhihirisha fikra za serikali za zama zile, zilizoitegemea reli na kuilinda na ushindani wa barabara. Ilikuwa mwaka 1954, lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls, ndipo barabara ilipopata kivuko chake juu ya ukuta wa bwawa hilo.

Hapa Dar es Salaam mambo yalikwenda kinyume. Daraja lililojengwa mwaka 1929 kwenye mlango wa hori la Msimbazi, likapewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya ujenzi ya Tanganyika, lilikuwa daraja la motokaa. Ng'ambo yake, Oyster Bay, kikastawi kitongoji cha Wazungu, penye nafasi na upepo wa bahari. Na umbali ule, uliokuwa mwepesi kwa mwenye motokaa, ulikuwa mzito kwa mchukuzi na mpishi waendao kwa miguu kutoka Kariakoo. Hivyo motokaa, mali ya wachache, ikasaidia kuugawa mji kwa rangi na kwa hadhi.

Baada ya uhuru milki ya njia ile ilibadilika. Katika miaka ya 1980 daraja la zamani lilipisha jipya, kwa msaada wa Japani. Na mwaka 2022 likafunguliwa Daraja la Tanzanite, lenye urefu unaozidi kilomita moja, likipita baharini. Mji umeenea kaskazini kwa kuifuata barabara ya Bagamoyo, na sisi wa Mbezi Beach ni warithi wa safari hiyo.

Urithi huo una wajibu wake. Mwenye gari la peke yake huchukua nafasi kubwa barabarani, ilhali basi moja huwabeba makumi ya watu. Basi insafu yadai kwamba, kabla ya ramani ya daraja lolote kuchorwa, tuwahesabu watu badala ya magari, na mwenda kwa miguu na abiria wa daladala watangulie katika hesabu hiyo, kwani wao ndio wengi, na fedha ijengayo ni yao pia.